Mnywani na Deni Lisilohesabika: Wahusika Changamano na Urafiki wa Zamani Unaodhuru katika Hadithi Fupi

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna urafiki wa muda mrefu unaodhuru unavyozalisha wahusika changamano katika hadithi fupi. Hoja yake ni kwamba uchangamano huo hautokani na ubaya wa rafiki mmoja, bali na kifungo ambacho wote wawili walikifunga kwa hiari na ambacho hakikuachiwa mlango wa kutokea. Kielelezo cha kifungo hicho kinachukuliwa kutoka katika omukago, yaani urafiki wa damu wa Wahaya. Makala inapitia simulizi ya Isaza na Nyamiyonga, riwaya ya Kichwamaji, hadithi mbili za mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba, na kisa kimoja ambacho mwandishi amekibuni na kukiweka Maruku kwa ajili ya ufafanuzi.

Utangulizi

Katika uchambuzi wa wahusika, wanafunzi wetu wengi hufuata njia moja. Mhusika hutajwa, sifa zake huorodheshwa, kisha huwekwa katika kundi: mwema au mwovu, bapa au duara. Mgawanyo wa bapa na duara, uliotokana na mihadhara ya E. M. Forster iliyochapishwa mwaka 1927, umekuwa na manufaa makubwa katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili, na makala hii haikusudii kuubeza. Tatizo huonekana pale mhusika anayechambuliwa anapokuwa rafiki wa siku nyingi. Mwanafunzi husoma hadithi ya marafiki wawili walioumizana kwa miaka thelathini, kisha huandika kwamba fulani ni rafiki mnafiki na kwamba hadithi inatufunza kuchagua marafiki wema. Sentensi hiyo si ya uongo. Lakini imeliacha swali ambalo ndilo lililomfanya mwandishi aandike: kwa nini yule aliyeumizwa hakuondoka?

Methali zetu zinalijua swali hili vizuri kuliko orodha zetu za sifa. Kikulacho ki nguoni mwako: mdudu haji kutoka mbali, na nguo haivuliki hadharani. Methali nyingine inasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hii ya pili ni onyo dhidi ya urafiki wenyewe. Inamkumbusha msikilizaji kwamba mwisho wa mambo ni ndugu wa tumbo moja watakaosimama kaburini. Wahaya, kama jamii nyingine kadhaa za eneo la Maziwa Makuu, walikuwa na taasisi iliyolikataa onyo hilo. Walimfanya rafiki awe mtu wa kufa naye. Ndiyo maana makala hii inaanzia katika taasisi hiyo kabla ya kuingia katika hadithi zilizoandikwa.

Punje mbili ndani ya ganda moja

Anayepanda kutoka mjini Bukoba kuelekea Maruku hupita katikati ya vibanja ambamo migomba na mibuni vimepandwa pamoja. Kahawa ya asili ya huku ni Robusta, na kabla haijawa zao la kuuzwa ilikuwa kitu cha kutafunwa. Matunda yake huchumwa yakiwa hayajaiva, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa. Mgeni akiingia nyumbani, hupewa akamwani kabla ya kuulizwa shida iliyomleta. Kunyimwa akamwani ni kuambiwa jambo bila maneno.

Tunda la kahawa lina punje mbili zilizolaliana ndani ya ganda moja. Katika omukago, watu wawili walichanjwa karibu na kitovu, punje zikapakwa damu, na kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenziwe. Brad Weiss, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu ulimwengu wa maisha ya Wahaya, amelieleza tendo hili kwa kirefu pamoja na nafasi ya kahawa katika mahusiano ya watu. Kihaya chenyewe kimeliweka jambo hili katika neno la kila siku: rafiki ni omunywani, neno lililojengwa juu ya kitenzi cha kunywa na kiambishi cha kutendana. Marafiki ni watu walionywana.

Mambo mawili ya omukago yanahitaji kuzingatiwa na mhakiki wa fasihi. La kwanza ni kwamba kifungo hiki kilichaguliwa. Ndugu wa ukoo hupewa mtu bila kuulizwa, mnywani alitafutwa. Luise White, katika makala yake ya mwaka 1994 kuhusu udugu wa damu katika Afrika Mashariki na Kati, alitahadharisha kwamba uhusiano huu usichukuliwe kuwa nakala hafifu ya undugu wa ukoo. Ulikuwa na mantiki yake. La pili ni kwamba kilichomezwa hakitapiki. Ahadi ya mdomo inaweza kusahauliwa, na maandishi yanaweza kuchomwa moto, lakini damu ya mwenzako imo tumboni mwako, na iliaminika kwamba aliyemsaliti mnywani wake angeadhibiwa na damu hiyohiyo, kutoka ndani. Shahidi na hakimu wa mkataba huu walikaa katika mwili wa mshtakiwa.

Hapo ndipo penye kielelezo chetu. Urafiki unaodhuru si ule uliokosa upendo tangu mwanzo. Ni ule ambao upendo wake wa mwanzo umegeuka kuwa amana isiyoweza kurudishwa, kwa sababu kuirudisha ni kujipasua. Mtu wa nje huona sumu. Aliyemo ndani huona pia damu yake mwenyewe ikitembea katika mwili wa mwingine.

Isaza aliyetuma mtumishi

Simulizi za Bachwezi, zinazojulikana pande zote mbili za Mto Kagera, zina kisa kinachoonyesha kwamba wasimuliaji wa zamani walikwisha kulitafakari jambo hili. Toleo linalofahamika zaidi ni la Bunyoro-Kitara, lililoandikwa na John Nyakatura katika kitabu chake cha mwaka 1947. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, alimpelekea mfalme Isaza mafumbo, kisha akampelekea punje ya kahawa yenye damu yake akitaka wanywane. Isaza hakutaka kufungamana na mtawala wa wafu, lakini hakuthubutu kukataa waziwazi. Akamfanya mtumishi wake ameze badala yake.

Nyamiyonga alipogundua kwamba amenywana na mtumishi, hakuja na mikuki. Alimtuma binti yake, Nyamata, akaolewa na Isaza na kumzalia Isimbwa. Baadaye akatuma ng'ombe wazuri kupita wote, na Isaza, ambaye alipenda ng'ombe kuliko alivyowapenda watu, akawafuata walipopotea mpaka akazama ardhini. Hakurudi tena.

Mhakiki mwenye haraka atasema Nyamiyonga ni mhusika mwovu kwa kuwa anatawala kuzimu na anatega mitego. Tuangalie upya. Nani aliyedanganya kwanza? Nyamiyonga alitoa damu yake mwenyewe. Isaza alitoa damu ya mtu mwingine. Kisasi cha Nyamiyonga, kwa upande wake, hakina tusi hata moja ndani yake: ni mke, ni mtoto, ni ng'ombe. Kila alichopelekewa Isaza kilikuwa zawadi ambayo mnywani wa kweli angempa mwenziwe. Urafiki uliokataliwa kwa hila ulitekelezwa kwa ukamilifu hadi ukaua. Sijui kisa kingine cha eneo hili kinachoonyesha kwa ufupi namna hiyo kwamba wema na madhara vinaweza kuwa tendo moja.

Tena, Isaza hakuwa na njia nzuri. Angekubali, angefungamana na mauti. Angekataa, angemdhalilisha mfalme aliyemtolea damu. Uchangamano wake hautokani na wingi wa sifa zake, maana kisa kinatupa sifa chache mno, pengine mbili: woga na kupenda ng'ombe. Unatokana na mahali aliposimamishwa. Hili ni jambo ambalo uchambuzi wa sifa hauwezi kulinasa, na ni la msingi kwa hadithi fupi, ambayo haina kurasa za kulimbikiza sifa.

Ufupi na miaka mingi

Tangu Edgar Allan Poe alipoandika mwaka 1842 kwamba hadithi ya aina hii isomwe kwa kikao kimoja, wananadharia wamekubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba hadithi fupi huishi kwa tukio moja au hali moja. Urafiki wa zamani, kinyume chake, ni kitu cha muda. Hauwezi kuonyeshwa kwa tukio moja kwa sababu asili yake ni marudio: safari zilezile, mizaha ileile, jeraha lilelile likiguswa mahali palepale. Mwandishi wa riwaya anao uwanja wa kuonyesha marudio hayo. Mwandishi wa hadithi fupi anapaswa kuyaingiza miaka arobaini katika alasiri moja.

Poe mwenyewe alilijaribu suala hilo mwaka 1846 katika hadithi yake ya Montresor na Fortunato, ambamo mtu anamwongoza rafiki yake wa siku nyingi hadi pangoni na kumjengea ukuta akiwa hai. Madhara aliyotendewa Montresor yanatajwa kuwa mengi, lakini hayaelezwi, na msimulizi anayasema yote haya miaka hamsini baada ya mauaji. Ufundi wa hadithi hiyo umo katika kunyamaza huko. Hata hivyo, Montresor amefaulu kutoka. Alijenga ukuta, akaenda nyumbani. Hadithi za kwetu zinanivutia zaidi pale ambapo hakuna anayejenga ukuta, kesho yake wote wawili wanaamka kijiji kimoja, na mmoja anakuja kuomba chumvi.

Katika riwaya tunacho kielelezo kizuri cha hali hiyo. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, alichapisha Kichwamaji mwaka 1974. Kazimoto, msimulizi wa riwaya hiyo, na Manase wamekuwa marafiki tangu utotoni. Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na tukio hilo linazaa vifo katika familia. Kazimoto anakusudia kulipa kisasi kwa kumtumia Sabina, dada yake Manase. Badala yake anamwoa. Tazama umbo la jambo hili: kisasi kimegeuka kuwa undugu. Kazimoto alitaka kumtoa Manase katika maisha yake, akaishia kuwa shemeji yake. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kwa mwanga wa falsafa ya udhanaishi, na wana haki. Lakini msomaji aliyelelewa katika jamii za ziwa hili ataona pia jambo lisilohitaji falsafa ya Ulaya: wanaume wawili ambao kila hatua ya kuachana inawasogeza karibu zaidi.

Hadithi fupi haina nafasi ya ndoa, vifo na mazishi yote hayo. Inabidi itafute kitu kidogo kinachobeba uzito wote. Nimeona njia mbili zikitumiwa kwa mafanikio katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa mwaka 2016.

Njia ya kwanza ni ushirika katika kosa. Katika hadithi ya Salma Omar Hamad iitwayo Shibe Inatumaliza, Sasa na Mbura ni marafiki wanaokwenda pamoja kula katika sherehe ya mkubwa wao, Mzee Mambo. Wanaona kwamba kinacholiwa ni mali ya umma. Wanalisema. Wanaendelea kula. Hadithi hii husomwa kama kejeli ya utawala, na ndivyo ilivyo, lakini tuutazame urafiki wenyewe. Peke yake Sasa angeweza kuona aibu. Peke yake Mbura angeweza kuondoka mapema. Wakiwa wawili, kila mmoja ni ruhusa ya mwenziwe. Mazungumzo yao ya kukosoa ndiyo kiungo kinachofanya chakula kishuke. Hakuna kati yao anayemdhuru mwingine kwa nia mbaya, na ndiyo maana huwezi kumtaja mmoja kuwa rafiki mwema na mwingine mbaya. Kinachodhuru ni ule uwili wao.

Njia ya pili ni siri iliyofichwa ndani ya urafiki. Katika Tulipokutana Tena, hadithi ya Alifa Chokocho mwenyewe, Bogoa na Sebu wanakutana baada ya miaka mingi, na ndipo Bogoa anapoeleza mateso aliyoyapata utotoni alipokuwa akilelewa na Bi. Sinai, mateso ambayo wenziwe waliocheza naye hawakuyajua. Aliondoka bila kuwaaga. Hadithi haituletei rafiki katili. Inatuletea rafiki ambaye alikuwapo kila siku na hakuona. Sebu ana haki ya kulalamika kwamba aliachwa; Bogoa ana haki ya kusema kwamba alikwisha kuachwa zamani, wakiwa wamesimama bega kwa bega. Nani anamdai mwenziwe hapa? Hadithi inawaketisha meza moja na kuliacha deni juu ya meza.

Neno deni limekwisha kujitokeza mara kadhaa, na si kwa bahati. Ninaamini ndilo linaloweza kuunganisha mambo haya yote. Deni la fedha lina kiasi, tarehe na risiti. Deni la urafiki wa zamani halina hata kimoja cha hivyo, kwa hiyo haliwezi kulipwa. Linaweza tu kutajwa. Kulitaja ndiko kunakoumiza.

Kisa cha Maruku

Ili kuonyesha namna kanuni hii inavyofanya kazi, nimebuni kisa kifupi. Wahusika wake hawapo, ingawa msomaji wa Bukoba au Muleba huenda akadhani anawafahamu.

Rwegasira ni mwalimu mstaafu anayeishi Mwanza. Kamugisha hakuwahi kutoka Maruku. Walipokuwa vijana, baba yake Rwegasira alifariki na karo ikakosekana. Kamugisha, aliyekuwa ameanza kuchuma kahawa katika sehemu yake ya kibanja, akauza mavuno ya mwaka mzima na kumpa rafiki yake fedha. Yeye mwenyewe hakuendelea na masomo. Hawakuandikishana chochote. Tangu hapo, miaka arobaini, Kamugisha hajawahi kuomba alipwe. Anachofanya ni kusimulia. Kila kwenye harusi, kila kwenye ubarikio, mbele ya wageni, huku akicheka na kumshika Rwegasira bega, husema: "Huyu mwalimu mnayemwona amesimama juu ya mibuni yangu." Watu hucheka. Rwegasira hucheka pia, kisha hutoa bahasha. Amemwezekea Kamugisha nyumba kwa bati, amewasomesha wanawe wawili, amemlipia matibabu ya jicho. Mwaka unaofuata mzaha unarudi ukiwa mzima.

Hadithi inaanza alasiri ya tatu baada ya mazishi ya mke wa Rwegasira, aliyerudishwa kuzikwa kibanjani. Wanaume wameketi juu ya nyasi zilizotandikwa. Kamugisha anaingia, anatoa akamwani iliyofungwa katika jani la mgomba, anawagawia waliopo. Anapomfikia Rwegasira anakaa karibu naye na kuanza: "Huyu mwalimu mnayemwona..." Rwegasira anamkata kwa sauti ya chini. "Kamugisha, leo niambie ni kiasi gani. Nitaje nilipe, tumalize."

Kimya kinaingia. Hadi hapa msomaji yuko upande wa Rwegasira, na mwanafunzi wetu angekwisha kuandika: Kamugisha ni mhusika msimbuliaji, asiye na huruma hata msibani. Halafu Kamugisha anajibu, bila kucheka safari hii: "Munywani wange, bahasha zako zote nimezipokea kwa mikono ya wanao. Miaka kumi na minane hujakanyaga kwangu. Nikikusimulia mbele za watu, angalau unanitazama."

Jibu hilo halimsafishi Kamugisha. Mzaha wake umemvua mwenziwe heshima mbele ya vizazi viwili, na alijua. Lakini linageuza hesabu. Bahasha ambazo Rwegasira alizihesabu kuwa malipo, Kamugisha alizipokea kama mlango unaofungwa kwa adabu. Aliyelipa sana ndiye aliyekataa kuwa rafiki. Tukikumbuka Isaza, tutaona kwamba Rwegasira naye amekuwa akituma watumishi kumeza punje badala yake. Na Kamugisha, kama Nyamiyonga, ametumia vitu vya urafiki, yaani kumbukumbu, kicheko na mkono begani, kuwa silaha, kwa sababu hakuwa na vingine.

Nimejaribu kuandika mwisho wa kisa hiki mara tatu. Katika rasimu ya kwanza Rwegasira alimkumbatia mwenziwe, ilikuwa uongo. Katika ya pili aliondoka usiku kurudi Mwanza. Hiyo ilikuwa rahisi mno, maana kuondoka ndiko alikokuwa akifanya maisha yake yote, na hadithi haikuwa imesogea. Iliyobaki ni hii: Rwegasira anatia akamwani mdomoni, anaitafuna, anaona uchungu wake wa kawaida, anatema ganda kiganjani. Kamugisha anayatandaza upya majani mbele yake. Wageni wengine wanaingia na wote wawili wanasogea kuwapisha, wakielekea upande mmoja.

Nani anayeona

Yapo mambo ya usimulizi ambayo hayapaswi kuachwa. Nikikisimulia kisa hiki kwa nafsi ya kwanza ya Rwegasira, Kamugisha atabaki bapa mpaka sentensi yake ya mwisho, na mshtuko utakuwa mkubwa lakini wa mara moja. Nikimpa Kamugisha usimulizi, msomaji atajua mapema kiu yake, na ni Rwegasira atakayeonekana jiwe. Katika Kichwamaji tunamjua Manase kwa macho ya Kazimoto peke yake, na mtafiti makini hana budi kujiuliza ni kiasi gani cha ubaya wa Manase ni cha Manase. Toni Morrison, katika hadithi yake fupi ya mwaka 1983 iitwayo Recitatif, aliwapa wanawake wawili waliolelewa pamoja kumbukumbu zisizolingana kuhusu tukio moja la utotoni, na hakumpa msomaji njia ya kuamua. Urafiki wa zamani mara nyingi ni ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuyasimulia yaliyopita. Mzaha wa Kamugisha ulikuwa ni usimulizi, na kwa miaka arobaini Rwegasira alikuwa mhusika katika hadithi ya mtu mwingine.

Fasihi simulizi ya Wahaya inalo jambo la kutufundisha hapa. Peter Seitel, aliyekusanya ngano za Kihaya na kuzichapisha mwaka 1980, ameonyesha kwamba msimulizi hufungua kwa kutangaza kuwa amefika na ameona, nao wasikilizaji humwitikia wakimtaka aone ili nao wapate kuona. Ufunguzi huo hauahidi ukweli wa jumla. Unaahidi macho ya mtu mmoja, na wasikilizaji wanakubali kuyaazima huku wakijua kwamba ni ya kuazima. Msimulizi ni shahidi, na shahidi ana mahali alipokaa.

Mtahini anayesoma uchambuzi wa hadithi ya namna hii angeweza basi kumwuliza mtahiniwa maswali mengine badala ya yale ya sifa: kifungo kati ya hawa wawili kilifungwa kwa kitu gani, nani anakitaja, nani anakinyamazia, na nani amekaa wapi anapotuambia. Maswali hayo hayahitaji nadharia mpya. Yanahitaji kurudi kwenye matini na kusoma mazungumzo polepole, hasa yale mafupi.

Katika kisa changu yupo shahidi wa tatu ambaye sikumpa nafasi, na niliyabaini hayo nilipokuwa nimekwisha kuandika. Ni mke wa Kamugisha. Mwaka ule kahawa ilipouzwa, yeye ndiye aliyeichuma na kuianika. Alasiri ya msiba yuko nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wengine wakimenya ndizi, na kwa mbali anasikia mumewe akianza tena kusema habari za mibuni yake. Anajua kwamba mibuni ile ilikuwa ya nani, na mikono ya nani ilichubuka. Hadithi hiyo, ikiandikwa, haitakuwa ya marafiki wawili tena.